Kadi Mpya ya Fabiani

Korogwe nzima, kuanzia Manundu mpaka Mnyuzi, hakuna aliyewahi kumfunga Fabiani mpira wa kwenye kompyuta. Hayupo! Na kama ulikuwa hujui, Fabiani mwenyewe angekueleza, hata kama umekuja dukani kununua sabuni.

Kompyuta ilikuwa yake, nyuma ya duka la dada yake Elina, na ilikuwa nzito ajabu. Mchezaji akikimbia, picha inaganda. Unapiga chafya, unafuta pua, picha inarudi, mpira uko wavuni kwa mgeni. Wageni wakilalamika, Fabiani anajigonga kichwani kwa kidole: mpira ni akili.

Basi yakatangazwa mashindano ya mkoa, Tanga mjini. Handeni na Korogwe wakapewa nafasi moja, na Handeni wakamleta Parsaoti, kijana wa Kimaasai mpole, aliyejifunzia gemu mjini siku za mnada baba yake akiuza ng'ombe. Wangecheza Jumamosi kwa Fabiani.

"Nataka kuibadilisha hii mashine," Fabiani akamwambia dada yake.

"Kwani imekukosea nini? Si unashinda?"

"Inanibana, dada. Nikipata mashine nyepesi, huyo Mmasai ataomba poo."

Kitanda chake kikauzwa kwa jirani. Fabiani akaenda Dar, akarudi na kadi mpya ya picha imeviringishwa kwenye sweta kama kichanga cha juzi. Siku ya kuifunga alivaa koti jeupe la shemeji yake Habakuki, mwenye bucha, damu ya mbuzi bado iko mfukoni. Mtaa mzima ulichungulia dirishani. Aliagiza bisibisi kwa kunyoosha mkono tu, bila kugeuka, kama daktari bingwa. Ikawaka. Picha ikateleza mpaka ukaona majani ya uwanja yakipepea.

"Sasa sina kisingizio," akasema Fabiani, na watu wakapiga makofi. Maskini! Hakujua amesema nini.

Jumamosi mwamuzi alikuwa Mzee Hiza, mstaafu wa reli, na filimbi yake ya stesheni. Akapuliza.

Fabiani alikuwa amezoea kubonyeza mapema, ili picha ikizinduka, mguu uwe umeshapiga. Lakini sasa picha haikuganda. Akabonyeza shuti mpira ukiwa bado kwa mwenzake, mtu wake akapiga hewa akaanguka. Kipa akaruka kulia, akatua, akajipangusa, ndipo Parsaoti akapiga kushoto taratibu. Moja. Mbili. Ilipofika sita, jasho lilikuwa likimchuruzika Fabiani mpaka kwenye kibodi, na alitamani kulia mbele za watu.

"Pole, kaka," akasema Parsaoti.

"Hii kadi ni feki. Turudishe ile ya zamani, tuanze upya."

Mzee Hiza akamtazama Parsaoti. Parsaoti akainua mabega. "Mimi sina haraka, mzee. Basi la Handeni bado."

Kadi ya zamani ikarudi, safari hii bila koti. Picha ikaanza kugandaganda, na Fabiani akafufuka! Vidole vikaenda vyenyewe. Tano bila. Akapanda juu ya kiti, akabusu kompyuta, akaushukuru mtaa, akamshukuru marehemu bibi yake. Kwa dakika nzima alikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote wilayani.

Mzee Hiza akavaa miwani, akafungua barua ya mashindano, akaisoma polepole mpaka chini.

"Fabiani."

"Naam, mzee."

"Hapa wanasema Tanga kuna kompyuta kumi, zote mpya."

Fabiani akashuka kitini.

"Sasa nikuulize, mwanangu, kuna hata moja mbovu mbovu tuwaombe wakuwekee?"

Elina ndiye aliyeanza kucheka. Mzee Hiza akaandika jina la Parsaoti, akapiga muhuri, na jioni ile Fabiani alionekana akiulizia kwa jirani kama kitanda chake kimeshalaliwa.