Digrii Mbili kutoka Kanada

Jumamosi, 29 Aprili 2006

Dada yangu Mahbuba, assalaam aleikum warahmatullah. Khabari za huko Kanada? Goti lako linasemaje, na shemegi yangu presha imetulia? Sisi hapa Hail, Maskati, wazima, alhamdulillahi. Joto limeshaanza kutukaanga. Wifi yako Masouda anakusalimu, anasema kwenye picha ulizoleta umekonda.

Barua yangu safari hii ni ya siku nyingi. Nnaandika kidogo kidogo katika daftari hili, likifika pazuri nalitia posta. Kwenye simu nnasahau nusu, na nusu nyengine unanikatiza wewe.

Khabari kubwa: nimepewa klabu ya mazingira pale skuli. Mwalimu wake amekwenda kujifungua. Mudira Khawla, mkuu wetu, alikuwa hana mtu. Mimi nikapita mbele ya ofisi yake mara nne nimebeba ramani ya dunia. Mara ya nne akaniita. Sharti lake: tarehe kumi Mei kuna mkutano wa wazazi. Watoto wakionesha kitu cha maana, klabu ni yangu mwaka mzima ujao. Wasipoonesha, narudi kwenye chupa za maabara.

Miaka kumi na saba nnaosha chupa, dada. Wewe unajua nilivyoutaka ualimu, na darasa la nane lilivyonikatikia. Watoto wananiita ammi. Nataka kabla sijastaafu mmoja wao aniite ustadh, walau kwa kusahau.

Mwanao Mastura amenitumia anuani ya tovuti wanayoitumia yeye na walimu wenzake wa huko kwenu. Masomo ya dunia kupata joto, yamepangwa darasa kwa darasa, bure. Mungu amzidishie.

Jumapili, 30 Aprili

Thani amekuwa kizingiti. Thani ndiye mwenye chumba cha kompyuta na printa. Saa ya klabu anaitaka yeye, afanye mashindano ya kupiga chapa kwa vidole kumi. Ana cheti cha wiki sita, amekitia fremu.

Nikamwomba anichapie masomo ya Kanada. Akasema atachapa maneno tu, picha hachapi, wino unaisha. Nikasema picha za nini, sisi tunataka elimu. Akasema vizuri, elimu hii hapa, kurasa tisa, na mwakani ukiwa profesa utanikumbuka. Nikachukua kurasa zangu. Njiani nikapata jawabu zuri sana, lakini nilikuwa nimeshafika ngazini.

Jumatatu, 1 Mei

Somo la kwanza. Watoto kumi na wawili, wote wa darasa la sita. Karatasi inasema: pimeni unene wa barafu katika ziwa lililo karibu na skuli yenu, mulinganishe wiki kwa wiki.

Ziwa hatuna. Lakini mwalimu hashindwi. Nikawapeleka kwenye friza ya mkahawa wa skuli, ile kubwa ya samaki na aiskrimu. Tukapima kwa rula. Sentimita tatu. Mpishi akasema wiki iliyopita ilikuwa mbili, hajapata nafasi ya kuikwangua. Nikaandika ubaoni: Maskati barafu inazidi.

Kuna mtoto anaitwa Khulood, mkono wake hauteremki. Akauliza kama friza ni sawasawa na ziwa. Nikamwambia wataalamu wa Kanada hawakukataza friza. Akaandika jambo katika daftari lake, sikulipenda.

Jumatano, 3 Mei

Hili ndilo somo lenyewe, dada. Hili ndilo litakalonipa klabu.

Karatasi inasema hivi, nimeitafsiri kwa kamusi: teremsheni kipimo cha joto darasani kwa digrii mbili. Vaeni sweta. Someni mita ya umeme kila siku. Mutaona maajabu.

Viyoyozi vya jengo letu viko digrii ishirini na nne. Nikachukua rimoti, nikapita darasa kwa darasa na bismillahi, nikaviteremsha vyote mpaka ishirini na mbili. Nikawaambia watoto walete sweta, na nyumbani kwao wateremshe pia. Mita ya jengo leo ilikula yuniti mia tatu na kumi. Tumeiandika kwa kalamu nyekundu.

Khulood akauliza: tukizidisha baridi, umeme si utazidi? Nikamwambia mwanangu, kuteremsha ni kupunguza. Maji ukiyateremsha yanapungua, bei ikiteremka inapungua. Darasa zima likaniunga mkono, ila yeye.

Jumamosi, 6 Mei

Sweta zimekuja. Mama mmoja kazunguka soko lote la Mutrah na mwezi wa Mei huu, mwisho kampata muuzaji anayewauzia mabaharia bandarini. Mtoto amevaa sweta la nahodha, linamfika magotini. Darasa linapendeza. Bega kwa bega wamejikunyata, wanaandika na glavu.

Mita: mia tatu arubaini na moja.

Imepanda. Nikaisoma mara mbili, nikavua miwani nikaisoma tena. Nikafikiri: dawa ni sahihi, kipimo ndicho kidogo. Nikateremsha mpaka ishirini.

Josphat akanikuta na rimoti mkononi. Josphat ndiye fundi wetu wa umeme na viyoyozi, kijana wa Nakuru, Mkristo lakini muungwana sana, Ramadhani hali mbele yetu. Akasema, "Mzee, hizi mashine zinalia. Kwani unafuga samaki huku ndani?" Nikamweleza ni mradi kutoka Kanada. Akasema yeye Kanada hajafika, lakini kompresa anazijua, na hizi zikiendelea hivi zitamwita kwa jina. Nikamshukuru kwa nasaha. Fundi mzuri, ila hakusoma kurasa tisa.

Jumapili, 7 Mei

Mita: mia tatu sabini na mbili. Nimeteremsha mpaka kumi na nane.

Sasa nimefahamu. Thani. Chumba chake kiko jengo hili hili, mita moja. Ana kompyuta kumi na nne zinaunguruma kutwa, na feni juu yake. Anaziwasha makusudi niharibikiwe. Nilipopita alikuwa anachapa huku anatabasamu. Mtu anatabasamu nini na kibodi?

Baada ya sala ya adhuhuri nikaenda kwenye sanduku la swichi. Nikateremsha ya chumba chake. Moja tu, dakika tano tu, kwa ajili ya dunia.

Nikasikia sauti ya Thani. Hakutukana. Alisema tu, "Ya Rabbi, majina yangu." Sauti kama mtu aliyeangusha trei ya vikombe.

Alikuwa anaandika vyeti vya mwisho wa mwaka, watoto mia mbili na kumi na nne, hajaweka akiba hata jina moja.

Jumatatu, 8 Mei

Jana sikulala vizuri mchana, sikula. Masouda akaniuliza nna nini. Nikamweleza. Akasema, "Bwana wee, umemkosea mtu, nenda kamwambie, halafu uje ule, wali unapoa." Yeye mambo yote anayapanga hivyo, kosa, toba, wali.

Leo baada ya masomo ndipo nikaenda kwa Thani. Nikamwambia ni mimi. Akasema alidhani ni majini ya umeme, na angependelea majini. Kisha akasogeza kiti cha pili, akasema kaa, nisomee majina.

Nikamsomea majina mia mbili na kumi na nne. Saa mbili u nusu. Anapiga chapa vidole kumi kweli, dada, nnamsifu kwa haki. Kwenye jina la themanini akanipa chai yake ya chupa. Kwenye mia na hamsini akanieleza kwamba baba yake na baba yetu walikaa mtaa mmoja Unguja, Malindi, na sisi tulikuwa na punda mkorofi. Ni kweli.

Tulipomaliza akaniuliza somo langu linakwendaje. Nikamwambia mita inapanda, kadiri nnavyoteremsha. Akasema hebu tuitazame hiyo tovuti. Akaifungua, na picha zake zote.

Picha, dada. Darasa la Kanada. Theluji imefika nusu ya dirisha. Watoto wamevaa sweta, na ukutani kuna chuma cha kutolea moto. Chini ya picha wameandika, Thani akanisomea polepole: tukipunguza moto wa hita digrii mbili, tunachoma gesi kidogo, hewa inapata nafuu.

Moto wa hita. Wao wanateremsha moto. Mimi nimeteremsha baridi.

Thani alicheka mpaka miwani ikaanguka ndani ya kikombe. Nami nikacheka, ila changu kilikuwa kicheko cha mtu anayetafuta mlango.

Jumanne, 9 Mei

Mkutano ni kesho. Mita jana ilikula mia nne na nne. Sweta kumi na mbili. Watoto wameshachora mstari wa mita kwenye karatasi kubwa, umepanda kama ngazi za msikiti.

Nakwambia la moyoni, usimwambie mtu. Niliigeuza karatasi ile nyuma mbele, juu chini, wino umepenya, nikaibandika ukutani. Mstari ukateremka vizuri mno. Nikarudi nyuma hatua tatu, nikaona klabu yangu mwaka mzima. Tatizo namba zilisimama kwa vichwa. Nikafikiri wazazi watakaa mbali, na wengine macho yao mabovu.

Ikaadhiniwa alasiri. Nikasali. Nilipofika kwenye kusujudu nikaona karatasi ile mbele ya macho yangu, juu chini, na mimi juu chini, namba zinasomeka sawasawa. Nikatoa salamu, nikarudi, nikaigeuza.

Halafu nikamwita Khulood. Nikamwambia uliniuliza swali Jumatano, nikakupa jawabu la maji na bei. Lilikuwa jawabu bovu. Swali lako lilikuwa zima. Kesho useme wewe.

Akauliza kama na ya friza aseme. Nikasema tuanze na hii.

Jumatano, 10 Mei

Imekuwa.

Wazazi arubaini, ukumbi umejaa. Mudira Khawla mbele na kalamu yake. Khulood akasimama na rula. Akasema: klabu yetu ilitaka kupunguza umeme, tukauzidisha. Nikaona kalamu ya mudira imesimama hewani. Mtoto hakutetereka. Akaendelea: Kanada wanapigana na baridi, sisi tunapigana na joto. Kila digrii tuliyoteremsha, mita ilipanda, namba hizi hapa. Umeme wetu unatokana na gesi, gesi inachomwa, moshi unakwenda juu, dunia inazidi joto, na sisi tunateremsha tena. Akauzungusha mkono wake hewani, duara. Akasema, "Tunakimbizana na mkia wetu."

Mama mmoja akanyanyua mkono. Akasema mwanawe amewateremshia nyumbani mpaka kumi na sita, bibi yake analala na mablangeti matatu, ati amri ya ammi Sleyum. Mwengine akasema na kwao. Na kwao. Nikahesabu nyumba tisa nilizozigandisha kwa mikono yangu.

Nikasimama. Nikasema kosa ni langu, watoto hawana kosa, mimi nilisoma maneno bila ya picha. Thani nyuma akasema kwa sauti kwamba picha alizizuia yeye. Sikumtegemea, dada, wallahi.

Mudira akauliza watoto sasa wanataka kufanya nini. Wote kumi na wawili kwa pamoja: ishirini na tano, na feni. Akaandika. Akasema miaka sita hajaona mtoto anaibishia mita ya umeme. Nipewe wiki moja. Ikiteremka, klabu yangu. Na karatasi yoyote ya Kanada, kabla ya kufanyiwa kazi, ipite kwanza kwa Khulood na kwa Josphat.

Nikakubali. Sharti jepesi.

Ijumaa, 19 Mei

Narudi kutoka msikitini sasa hivi, uso wangu unacheka wenyewe. Mita ya Jumatano: mia mbili sitini na nane. Chini ya tulipoanzia. Josphat amesafisha vichujio vyote bila ya kuambiwa, anasema mashine zimelala kama mtoto aliyeshiba. Nyumba saba katika tisa zimepandisha kuwa ishirini na tano, na bibi yule amerudi kwenye shuka moja. Thani ametupa kompyuta moja tuwaandikie watoto wa darasa la Mastura huko kwenu. Watoto wanauliza theluji ina harufu gani. Nimewaambia nitakuuliza wewe.

Klabu ni yangu. Mwaka mzima. Mudira ametia saini.

Nami sikukaa bure. Juzi Thani kanichapia somo jipya, safari hii na picha zake, kwa rangi. Nimeitazama picha, nimejifunza. Ni nyumba nzuri, jua linawaka, mama anafungua mapazia. Maneno yake: mapazia ya upande wa jua yafunguliwe asubuhi mpaka jioni, jua liingie ndani, utapunguza umeme. Jambo jepesi. Halina mashine, halina rimoti. Kwa Josphat sikulipitisha, hili si la fundi, ni kitambaa tu. Na Khulood mwisho wa wiki huu yuko kwa bibi yake.

Skuli yetu, alhamdulillahi, madirisha themanini yote yanatazama jua. Leo jioni nnakwenda na ufunguo wa akiba kuyafungua yote, na yale mapazia meusi mazito nayashusha kabisa nimpe Masouda afue, ili kesho Jumamosi asubuhi, wiki ya skuli ikianza, watoto wakija wakute jua limeshatusaidia kazi. Masouda nimemwambia, akaniuliza jua la wapi. Nikamwambia jua ni moja.

Tafadhali nijibu upesi, dada yangu, na uniambie nyinyi huko mnayafungua saa ngapi.

Ndugu yako, Sleyum