Ardhi Itafunguka Alhamisi Adhuhuri

Jumamosi, tarehe 2, Mwezi wa Vumbi

Nimeingia mji wa Karnesh leo kupeleka udongo wa mfinyanzi, na shingo bado inaniuma kwa kutazama juu. Ule ukuta! Nimeuona maisha yangu yote, na kila nikipita chini yake bado naishiwa maneno. Jiwe moja tu ni kubwa kuliko shimo zima tunamoishi. Na ndani kuna nyumba zenye sakafu za mbao. Mbao nzuri kabisa, watu wanazikanyaga na viatu. Maji ya mvua hayazifiki.

Mdhuko kama mimi hatakiwi kulala katika nyumba za ndani ya ukuta. Kengele ya jioni ikilia tunatolewa kwa marungu. Wanatuita muhanga, yule mnyama mchimbaji, kwa ajili ya pua na masikio yetu. Wanasema kucha ndefu hivi Mungu hakuziweka bure, lazima tunafukua makaburi yao. Mimi sijafukua kaburi hata moja. Kazi yote hiyo, halafu unakutana na marehemu.

Anayelala ndani ni binamu yangu Tavvik peke yake. Aliua nyoka kwenye ghala lao, wakamvika bangili ya shaba. Leo kanipita sokoni akautikisa mkono makusudi ili bangili ilie. Akaniuliza vipi Orrimo, matope ya huko yanasemaje.

Mvua zinaanza mwezi ujao. Mwaka jana maji yalimfika bibi yangu Sulleth kifuani akiwa usingizini, na kikohozi kile hakijamwachia mpaka leo. Mvua nyingine hatoboi. Najua hatoboi. Mwenye bangili anaruhusiwa kuingia na mtu wake mmoja. Kwa hiyo bangili lazima niipate. Na iwe nzito kuliko ya Tavvik.

Jumapili, tarehe 3

Bibi kaniuliza kama nimelaza sikio. Ndiyo desturi yetu: kabla hujasema na mtu asubuhi, unalala chini, sikio kwenye udongo, unaisikiliza ardhi mpaka umehesabu pumzi mia. Mimi sijalaza tangu nikiwa mdogo. Udongo una baridi, na siafu hawajui desturi.

Nikasema nimelaza. Sikio langu la kushoto likaanguka lenyewe. Ndivyo tulivyoumbwa, Mdhuko akidanganya sikio la kushoto linamtangaza. Bibi kaliangalia, kaendelea kufunga vyungu vyake kwa kamba. Nikamuuliza anafunga vya nini. Akanijibu sikio halikopeshwi.

Hao ndio wazee wetu. Alichosikia mtu ardhini hamwambii asiyelala chini mwenyewe. Wanadamu nao hawaambiwi. Kaka yake Bibi aliwaambia zamani alichosikia, yakatokea, wakasema yeye ndiye aliyeyaleta, wakamkata sikio.

Lakini hapohapo akili ikanijia. Wanadamu wanatuchukia, ila moyoni wanaamini tunajua mambo ya chini. Basi nitawatabiria. Nitasema ardhi itafunguka sokoni siku fulani, halafu nitachimba kwa siri mpaka chini ya pipa la Brostan, muuza achari, yule anayejishika mifuko kila tukipita. Siku ikifika pipa linazama, mimi naitwa mkombozi, navikwa bangili. Nimekaa nikijistaajabia.

Nimeshona kofia ya kufunika sikio la kushoto. Wanadamu hawajui siri ya sikio, lakini Tavvik anaijua.

Jumatatu, tarehe 4

Nimesimama mbele ya Bi Haldera, mkuu wa mji. Mama mrefu yule, na kiti chake kirefu, na dirisha la kioo nyuma yake limeshika jua lote. Nilisahau nilichokwenda kusema. Nikakumbuka. Nikasema Alhamisi, adhuhuri, ardhi itafunguka sokoni. Sikio likaanguka ndani ya kofia, salama.

Brostan, aliyekuwa barazani kwa kesi ya siki, alicheka mpaka akapaliwa. Akasema muhanga kageuka nabii. Bi Haldera hakucheka. Alisema ikifunguka nitapewa bangili. Isipofunguka, mimi na Wadhuko wote wa bondeni tutavushwa mto kabla ya mvua, na hakuna kurudi. Huko ng'ambo hakuna hata kichaka. Nikaweka alama ya ukucha wangu kwenye karatasi kabla sijafikiri vizuri.

Wakati natoka nimechungulia kisima cha soko. Jamani. Maji yalikuwa yanatetemeka, duara ndani ya duara, na hakuna mtu aliyetia ndoo. Nimesimama pale nywele za mgongo zimesimama. Hata maji yameyasikia maneno yangu.

Jumanne, tarehe 5

Nimeanza kuchimba, kutoka mtaro wa nje ya ukuta. Sikufika mbali. Kumbikumbi wametoka. Kiangazi, mchana kweupe, bila tone la mvua! Wamepanda angani maelfu kwa maelfu, mabawa yanawaka juani, bonde zima likawa linameremeta. Sijaona kitu kizuri namna ile tangu nizaliwe. Nikavua kofia. Halafu nikala. Nikala mpaka tumbo likagoma kuingia shimoni.

Jirani zetu wanahamia Kilima cha Mbuzi, na mikeka, na watoto, na mbuzi wenyewe. Wote wamenipita bila kunisalimu. Wivu huo. Mtu wao mmoja karibu anavaa shaba, tayari hawawezi kukaa naye mtaa mmoja.

Bibi naye kaniomba nimpandishe. Nimembeba mgongoni. Mwepesi mno siku hizi, nasikia kifua chake kinavyokoroma kwenye shingo yangu njia nzima. Juu kilimani kanishika kidevu kaniambia mjukuu wangu, nakuomba, laza sikio, hata mara moja. Nikasema kesho. Akalitazama sikio langu la kushoto.

Jumatano, tarehe 6

Siku mbaya. Nimechimba tangu alfajiri, udongo una joto kama mkate uliotoka tanuri, sijui kwa nini. Kwa mahesabu yangu ilipofika saa tisa nilikuwa chini ya pipa la Brostan. Nikasukuma juu kwa pua. Nikakutana na mbao.

Ilikuwa sakafu ya Tavvik. Nilipinda kushoto mahali pa kulia. Aliinua ubao akanikuta nimekaa chini ya kitanda chake na kofia yangu, akauliza kwa upole kama natafuta soko. Nikasema napita tu. Kofia ikateleza. Sikio likaanguka mbele yake.

Akaelewa kila kitu. Akasema hatanisema kwa mtu. Kesho ataleta kiti tu, akae mbele aone vizuri. Nikamwambia yeye naye hajalaza sikio tangu apate mbao, asijifanye Mdhuko wa kweli. Akasema mbao hazina siafu. Katika hilo tulikubaliana.

Askari wa zamu wameliona shimo langu mtaroni, hawajui la nani, wamelijaza mawe. Sina shimo. Sina pipa. Nina neno langu na alama ya ukucha wangu kwenye karatasi. Jamaa zangu wote watavushwa mto, na Bibi pamoja nao. Naogopa.

Alhamisi, tarehe 7

Nitaandika polepole.

Saa sita kasoro nilisimama katikati ya soko, peke yangu. Mji mzima ulikuwa juu ya ukuta. Hata wagonjwa walibebwa na vitanda vyao, maana aibu ya Mdhuko hakuna anayetaka kuhadithiwa. Walikuja na mikate na jibini. Brostan aliuza achari kwenye ngazi. Tavvik alikaa kwenye kiti chake, mbele, akaning'iniza miguu. Bi Haldera alishika bangili mkono mmoja na karatasi ya kutufukuza mkono wa pili.

Kengele ya adhuhuri ikalia. Hakuna kilichotikisika. Mtu mmoja akauliza kwa sauti kama ardhi imeenda kula kwanza. Ukuta mzima ukacheka. Nikamwona Bibi akivuka mto kwenye baridi, akikohoa, na mimi ndiye niliyemfikisha huko kwa mdomo wangu. Nikaanguka kifudifudi, na sikio, bila mimi kulituma, likagusa udongo.

Nikasikia.

Pigo moja. Kimya kirefu. Pigo jingine. Moyo. Moyo mkubwa kuliko soko, unakuja chini ya ukuta bila haraka yoyote. Nyuma yake, mbali, kulikuwa na pigo dogo la mbiombio, nadhani lilikuwa moyo wangu mwenyewe. Nikajua papo hapo. Mchimbaji wa Kwanza. Mama aliyechimba shimo ambamo Wadhuko wote walitokea. Bibi alinihadithia utotoni, nikadhani ni maneno ya kulaza watoto.

Soko likaumuka kama unga wenye hamira. Mawe ya sakafu yakateleza huku na huku taratibu, mapipa yakabingirika, na mimi nikawa napanda. Nilikuwa juu ya mgongo wake. Mweusi, mpana, una mizizi ya miti ambayo haipo tena duniani na kome za bahari ambayo sijawahi kuisikia. Nilipanda mpaka nikawa sawa na watu wa ukutani, nikaziona nyuso zao. Hakuna aliyecheka. Hata watoto wachanga hawakulia.

Halafu jicho likafunguka karibu yangu. Ukubwa wa kisima, rangi ya asali. Lilinitazama. Halikuwa na hasira, wala halikuwa na huruma. Liliniona tu, mimi Orrimo, na kofia yangu ilikuwa imedondoka zamani, na masikio yangu yote mawili yalikuwa yamesimama wima. Akashusha pumzi, na mji wote ukanuka udongo wa mvua ya kwanza. Nililia. Sioni haya kuandika hivyo.

Akainama, akaniteremsha chini ya ngazi za ukuta kama mtu anavyoweka yai, akazama. Soko likazama naye. Hakuna mtu hata mmoja aliyekufa. Wote walikuwa ukutani, wamekuja kunicheka.

Ijumaa, tarehe 8

Nimevikwa bangili. Nzito kuliko ya Tavvik, nimezipima. Bi Haldera alinivika mwenyewe, mikono yake baridi, na wengine walirudi nyuma nilipopita. Nusu ya mji wanasema nimewaokoa. Nusu wanasema nimemwita mimi. Brostan yuko katika nusu zote mbili. Kaniita Mzee Orrimo, huku kashika mifuko.

Alipopita Mchimbaji limebaki handaki. Kuta zake laini kama chungu kilichochomwa, kavu, na lina joto. Liko chini ya soko, ndani ya ukuta, na sheria inasema wasilale Wadhuko katika nyumba, haisemi kitu juu ya mashimo. Jamaa zetu wote wameteremka kilimani wakaingia. Bi Haldera kasoma sheria mara mbili, kaikunja.

Jana jioni nilimbeba Bibi mpaka ndani. Alipapasa ukuta kwa viganja vyote viwili, akaweka shavu, akakaa hivyo. Usiku kucha hakukohoa. Asubuhi kaniuliza nimelaza sikio. Nikasema jana, adhuhuri, nililaza kweli. Sikio likabaki wima. Bibi kaligusa kwa ncha ya kidole, macho yakajaa maji. Sijawahi kumfurahisha hivyo kwa ukweli, wala sikujua kuwa inawezekana.

Jumapili, tarehe 10

Bi Haldera kaniita. Nimekalishwa kwenye kiti, mbele ya dirisha lile lile la kioo. Wanataka kufukia sehemu ya juu na kujenga soko upya, mafundi mia mbili, waanze Jumanne. Kaniuliza, Mzee Orrimo, ardhi inasemaje.

Watu wote wananitazama mdomoni. Raha yake huwezi kuisimulia. Asubuhi sikuwa nimelala chini, nilikuwa naing'arisha bangili. Nikakohoa kidogo. Nikasema ardhi imetulia, jengeni, hapatatikisika kitu hapa kwa miaka mia moja. Wakanipigia makofi. Sikio likaanguka ndani ya kofia. Kofia mpya, ya mahameli.

Nimerudi handakini nikamkuta Bibi anafunga vyungu vyake kwa kamba. Tena! Shimo kavu, kifua kimepoa, yuko ndani ya ukuta kama malkia, na bado anataka kuhama. Jirani nao wanakunja mikeka. Nikamuuliza sasa kimemkera nini. Kaniuliza siku ile nilisikia mioyo mingapi. Nikasema mmoja, na wangu. Kaniambia moyo wa mtu mwenyewe hausikiki kwa sikio lililo chini, mjukuu wangu, kila mama ana mtoto anayemfuata nyuma. Kisha kaniomba nilaze sikio.

Wazee na mafumbo yao. Nitalaza kesho. Au keshokutwa, udongo ukipoa. Leo una joto ajabu.