Jinsi Doreen Kessler Alivyoivamia Nyumba ya Ndugu na Kuliteka Gunia la Vitunguu

Sogeeni, enyi kina mama mliozaa wana, mkawafulia na kuwapigia pasi, kisha mkawapeleka vyuoni na mabegi mapya! Wekeni simu chini mpate kusikia habari ya vita vikuu vilivyopiganwa Ijumaa ya pili ya Oktoba, katika jimbo la Indiana, baina ya saa tisa na saa kumi alasiri. Vita ambamo hakufa mtu, ila waliolia hawakuhesabika.

Chanzo chake kilikuwa uvumi, na uvumi huo ulizaliwa saluni, kinywani mwa Marlys mtengeneza nywele.

"Shoga, hivi Dalton wako si kaingia kile chama cha ndugu, cha wavulana wanaoishi nyumba moja pale chuoni?"

"Kaingia. Kwani vipi?"

"Hee! Nasikia vijana wapya wanafungiwa chini ya nyumba, wanatumikishwa mpaka walie. Na wanaosimamia ni wazee waliomaliza chuo zamani. Watu wazima na mvi zao!"

"Ishia hapo, Marlys."

"Nimeishia. Ila ningekuwa wewe, usingizi ningeusikia kwa jirani."

Naye Doreen, mlishaji wa watoto mia nne, malkia wa sufuria za shule ya msingi, mwanamke aliyeacha masomo darasa la nane na ambaye alimpeleka mwanawe chuo kikuu kwa hofu kama mtu aliyeazima kitu cha watu, hakulala. Uvumi ukapanda naye gari. Ukala naye. Ukamtangulia kitandani, ukavuta blanketi lote.

Hata ilipofika Ijumaa, saa saba mchana, jikoni pa shule, akashindwa kuvumilia, akapiga simu. Dalton akapokea, na sauti yake ilikuwa imejaa makamasi.

"Mama... siwezi kuongea sasa hivi."

"Unalia?"

"Nita... nitakupigia baadaye."

Na nyuma yake ikanguruma sauti ya mzee: "Dalton! Weka simu chini! Bado magunia mawili, na hatoki mtu humu!"

Simu ikakatika.

Basi simulieni, enyi mashahidi, jinsi shujaa alivyojivika silaha! Tuseme kweli, hakujivika, alisahau kujivua. Kofia ya chuma ilikuwa ule wavu wa nywele wa wapishi. Deraya ilikuwa aproni yenye mchuzi wa nyanya kifuani, mithili ya damu ya vita vilivyopita. Upanga akauchomoa kwenye buti la gari: spana ya magurudumu, ndefu, yenye kutu. Akaruka nyuma ya usukani, akazikata maili mia moja na kumi kati ya mashamba ya mahindi yaliyovunwa, akilia, akiomba, akimtukana Marlys, na njiani akapambana na trekta lililojaza barabara nzima kwa dakika kumi na moja, akalipigia honi kama tarumbeta za siku ya mwisho. Dereva wa trekta akampungia mkono kwa upole.

Saa tisa juu ya alama akafika kwenye Nyumba ya Ndugu. Hakubisha hodi. Akashuka ngazi za chini ya nyumba, akausukuma mlango kwa goti, akainua spana na kunena:

"Wafungueni, enyi watesi wa watoto wa watu! Nimekuja mimi, Doreen binti Clarence, niliyembeba huyu miezi tisa na wiki mbili juu yake! Atakayemgusa tena ajue kwamba spana hii imefungua nati ngumu kuliko kichwa chake!"

Vijana ishirini wakageuka, macho mekundu, machozi yakitiririka, mmoja kavaa miwani ya kuogelea. Ndipo harufu ikampiga shujaa usoni. Harufu ile aliijua. Ameishi nayo miaka kumi na tisa, imemwingia hadi kwenye pete ya ndoa. Na katika miaka yote hiyo hakuwahi kuwaza kwamba mtu aweza kulia kwenye simu kwa ajili yake.

Vitunguu.

"Mama," akasema Dalton taratibu, "hiyo spana ya nini?"

Mzee mmoja mrefu akaja mbele akijifuta macho kwa mkono wa shati. "Karibu, mama Dalton. Mimi Virgil Ott, wakili mstaafu. Nilisoma hapa zamani hizo. Kijana wako nimekabidhiwa mimi."

"Umekabidhiwa umfanye nini?"

"Nimfundishe kuandika barua ya kazi, kufunga tai, kuongea na wakubwa. Na leo vitunguu. Kesho ndugu hawa wanapeleka mchuzi wa nyama na maharage kwa wazee wote wa mji wasioweza kutoka. Kila mwaka tunafanya."

Spana ikashuka polepole, kama bendera ya nchi iliyoshindwa.

Kijana wa miwani akacheka. "Wee Dalton! Si ulisema mama yako yuko kwenye mambo ya elimu?"

Masikio ya Dalton yakawa mekundu kuliko macho yake. Akatazama sakafu.

Hapo, enyi wasikilizaji, ndipo vita vyenyewe vilipoanza. Doreen alikuja kumwokoa mwanawe mikononi mwa wazee. Sasa aliona kwamba adui ni yeye mwenyewe, na wavu wake, na aproni yake. Na nani alimfundisha kijana maneno yale? Siku ya kujaza fomu za chuo, penye kazi ya mzazi, Doreen mwenyewe alimwambia: "Andika elimu. Usiandike jiko."

Akageuka aondoke. Mguu ulikuwa tayari kwenye ngazi ya kwanza. Lakini nyuma yake akasikia kisu kikishuka juu ya kitunguu: pwata! Hakikukata. Kiliponda.

Akarudi.

"Visu hivi vilinolewa lini?"

"Kunolewa?" akauliza wakili.

"Nipe kikombe cha kahawa."

Akakipindua kikombe, na juu ya duara lile la chini lisilo na rangi, lenye kukwaruza kama jiwe la kunolea, akapitisha kisu, huku na huku, mara kumi, mara ishirini, nacho kikaimba. Kisha akavuta gunia. Akapasua kitunguu katikati, kitako akakiacha kishikilie vipande, akakata wima, akakata kingamo. Na vitunguu vikaanguka mbele yake kama majeshi yaliyokosa jemadari, na mkono wake haukuonekana, ila kivuli chake tu. Vijana wakaacha kazi. Mmoja akashika saa. Gunia zima liliisha kwa dakika kumi na tatu, na jicho la shujaa lilikuwa kavu.

"Kisu butu kinaponda," akasema, "na kitunguu kikipondwa kinalipiza."

Mzee Virgil akajishika kiuno. "Miaka thelathini na mmoja nawaliza vijana wa watu bure!"

"Mama yako alijifunzia wapi hii?" akauliza wa miwani.

Dalton akainua uso. Machozi bado yalikuwa yanamtoka, na ya kitunguu ni yapi, ya mengine ni yapi, hakuna mwandishi wa tarehe atakayejua.

"Ni mpishi wa shule," akasema, tena kwa sauti. "Anapikia watoto mia nne kila siku. Mama, nipe hicho kikombe. Nionyeshe."

Basi na iandikwe katika vitabu, wajukuu wasome: siku hiyo Doreen Kessler aliteka gunia moja la vitunguu na kikombe kimoja cha kahawa, na Indiana yote ikanuka ushindi.

Nawe mama mwenzake, epuka haya:

Habari za saluni, kabla hujamuuliza mwenyewe.

Kumpigia mtoto simu akiwa kazini.

Kuendesha gari maili mia moja na kumi ukiwa na wavu kichwani.

Kuinua spana kabla ya kunusa.

Kisu butu.

Kuionea haya kazi yako mbele ya mwanao. Anasikia.