Kipande cha Tano

Jumatatu, 3 Julai 2006. Ruangwa.

Nimegundua uzembe ndani ya kompyuta yangu. Diski imegawanywa vipande, na kipande namba tano ni kitupu kabisa. Pori! Namba sita ndicho chenye Linux, mfumo unaoiendesha mashine, na kazi zote, kimebanana. Namba tano kimekaa tu, kama shamba la mtu aliyehamia Dar. Nimekifuta. Gaudens, mwenye duka la kuchapa kama langu ng'ambo ya barabara, hatakuwa na nafasi kama yangu.

Mwalimu Scola wa Malolo atafurahi. Tangu Februari anakuja kila Jumamosi kuchapa hadithi za bibi yake. Alhamisi anakuja kuzichapisha kwenye karatasi. Ijumaa, Sabasaba, bibi anatoka Matambarale kwenda Malolo kuzisikia zikisomwa. Scola aliwahi kuuliza kama tuweke nakala mahali pengine. Nikamjibu kuwa kwangu ni salama kuliko mbegu juu ya dari.

Alhamisi hiyohiyo nitamweleza jambo langu. Nimeshafua shati.

Jumanne, 4 Julai.

Haiwaki. Yaani inawaka, inaandika mistari miwili mitatu, inasema haioni mahali pa kuanzia, kimya. Nimezima na kuwasha. Nimepuliza vumbi. Nimeiacha peke yake, labda inaona aibu.

Gaudens kauliza kutoka barazani kwake kulikoni. Nimemwambia nafanya usafi. Kucheka gani kule!

Jumatano, 5 Julai. Nachingwea.

Nimekuja juu ya lori la ufuta kumwona Eliudi, fundi aliyeniuzia mashine. Anasema hadithi huenda zipo, ila inatakiwa CD ya kuamshia. Nikamwomba CD. Akasema alikuwa nayo moja tu, akampa mteja wake mwingine wa Ruangwa. Bwana mmoja Gaudens.

Safari yote hii! Lakini kumwomba Gaudens? Bora nitafune ufuta na magunia yake.

Alhamisi, 6 Julai. Ruangwa.

Asubuhi nasikia kilio mlangoni. Gaudens! Kajifunga kanga kiunoni, kalala kizingitini, anaomboleza. Yeye Mngoni, mimi Mmwera, ni mtani wangu, na mtani msibani hakasirikiwi. Lazima Eliudi kampigia simu, maana akatangaza kuwa marehemu Kompyuta kauawa na tamaa yangu mimi Kipriani, na maiti haitoki bila jogoo. Soko zima likaja kutoa pole.

Katikati ya hayo akafika Scola, akauliza nani kafariki. Gaudens akamjibu ni hadithi za bibi. Scola hakucheka. Akakaa kwenye benchi, akasema kwa sauti ndogo kuwa mwezi uliopita bibi alisahau mwisho wa hadithi ya sungura, akamwomba yeye amkumbushe. Bibi hawezi kuzisimulia upya.

Sijawahi kujichukia hivyo. Nikaenda nyumbani nikamkamata jogoo wangu. Gaudens akafuta machozi, akampokea, akatoa CD kutoka mfukoni. Alikuja nayo toka mwanzo, mshenzi yule!

CD ikaamsha mashine. Nikatazama vipande: namba sita hakipo. Scola akanisogeza, akasoma mwenyewe, akasema hicho kinachoitwa tano sasa kina ukubwa uleule wa sita. Kumbe nilipobomoa nyumba ya tano, ya sita ilisogea ikachukua namba yake! Mashine ikiamka inabisha hodi namba sita, na hapo hapana mtu. Tukafungua. Hadithi zote zipo!

Kwenye faili la kuanzia tukafuta sita, tukaandika tano. Ikaenda nusu ya njia, ikagoma. Scola akasema kufika nusu si haba, tutafute palipobaki sita nyingine. Ilikuwepo. Tukabadilisha. Ikawaka! Scola kacheka hadi kanishika bega. Bega la kushoto.

Jambo langu nikasahau kulisema.

Ijumaa, 7 Julai. Malolo.

Nilialikwa. Bibi alisikiliza macho kafumba. Scola alipofika mwisho wa sungura, bibi akaumalizia yeye, kwa Kimwera, neno kwa neno. Scola alilia, nami nikajifanya nimeingiwa na moshi.

Bibi anasema kakumbuka nyingine, nyingi. Kuanzia wiki ijayo Scola atakuja kuzichapa kila Jumamosi! Kaniapisha nisiguse kitu kabla ya kutoa nakala. Nimeapa mbele ya bibi.

Jumamosi, 8 Julai. Ruangwa.

Nimenunua CD tupu. Nakala nitatoa kesho. Kwanza nimetafuta nafasi ya hizo hadithi mpya, maana wageni hupokelewa kwenye nyumba iliyofagiliwa. Nikakiona kipande namba moja, kidogo, kimekaa mbele ya wenzake wote. Ndani hamna cha maana: vifaili vichache nisivyovijua, na lile faili la kuanzia tulilorekebisha juzi. Kazi yake si imekwisha? Mashine imeshawaka.

Nimekifuta. Sasa nazima niwashe upya.

Gaudens kapita kuuliza nimebakiwa na kuku wangapi. Sijui anauliza ya nini.