Vibao Themanini na Nane

Jumatatu, 3 Juni
Nimepata kazi! Jana Mchungaji Ryoba aliuliza nani anaweza kutengeneza piano ya kanisa letu hapa Kisaka. Vibao vitatu ni bubu. Felix seremala alikuwa bado anafikiri, mimi nikasimama. Nilikuja Mara kuchimba dhahabu, dhahabu ikanikataa, sasa natengeneza pampu za maji. Piano ni pampu yenye nyuzi. Atakayefaulu atakuwa fundi wa ala za kwaya na kusafiri nayo Musoma. Felix ameniuliza kama nimewahi kuona ndani ya piano. Wivu!

Jumapili Mama Ghati anaipiga kwa mara ya mwisho, baada ya miaka arobaini na moja. Macho yake yameingia ukungu. Jumatatu anahamia Bunda kwa bintiye.

Jumanne, 4 Juni
Nimeifungua. Mungu wangu! Kila kibao kinasukuma kijiti, kijiti kinarusha nyundo ndogo yenye kichwa cha sufu, nyundo inapiga waya. Panya wamekula sufu ya nyundo tatu. Kusema kweli, ni kazi ya nusu saa. Lakini kazi ya nusu saa nani ataisifu? Nimetoa vibao vyote, themanini na nane, nikavifua kwa sabuni ya unga na kuvianika juani. Vichafu mno! Hata mikiani, kwenye ncha za nyuma, vilikuwa na maandishi ya penseli. Nimeyasugua yakatoka.

Jumatano, 5 Juni
Yale maandishi yalikuwa namba.

Jasho. Kila kibao kimekatwa kivyake, hakikubali nafasi ya mwenzake. Vingine vimevimba maji. Felix amepita, ameuliza mbona nimefunga mlango. Nimesema vumbi.

Alhamisi, 6 Juni
Vibao tisa vimeingia. Labda. Nimeona nikaze angalau waya mmoja, ule mnene wa sauti ya chini. Nikakaza. Nikakaza tena. Pah! Umekatika, umenichana shavu. Kwenye maombi Mchungaji amesema naumia kwa kazi ya Bwana. Watu wote wameitikia amina, isipokuwa Felix.

Kesho kuna gari la Geita.

Ijumaa, 7 Juni
Nilikuwa na begi mkononi Mama Ghati alipofika na fimbo yake. Shikamoo, Mama. Marahaba. Aliomba kuzoeza vidole kidogo. Nikamzuia mlangoni, nikasema rangi haijakauka. Akanusa.

“Mwanangu, rangi gani hiyo haina harufu?”

Akaingia. Mkono wake ukashuka penye vibao, ukakuta shimo. Hakupiga kelele. Afadhali angepiga! Aliketi, akasema zimebaki siku mbili tu. Nikaanza kusema panya. Ulimi ukagoma. Nikasema, ni mimi, Mama.

Akaweka fimbo yake chini.

“Niletee vyote hapa,” akasema. “Kisha kamwite Felix.”

Felix! Nimekwenda hata hivyo.

Jumamosi, 8 Juni
Tangu asubuhi Mama Ghati amekaa mkekani akishika kibao kimoja kimoja. Macho hayaoni, vidole vinakumbuka: hiki kimelika upande, hiki kina ufa, hiki kilidondokewa na mshumaa mwaka aliofiwa na mumewe. Felix anapiga msasa vilivyovimba, ameweka sufu mpya, anarekebisha skrubu moja moja mpaka kila nyundo ipige na kurudi. Mimi nafuta vumbi. Hakuna anayenisemesha. Kufikia jioni vimelia themanini na saba. Kilichobaki hakina waya.

Jumapili, 9 Juni
Kanisa limejaa. Mama Ghati ameanza. Alipofika kwenye sauti isiyokuwepo, nilifumba macho. Akaiimba mwenyewe, bila kusita. Ubeti wa pili kwaya ikaiimba naye. Wa tatu, kanisa zima. Felix amelia. Mimi pia, nisidanganye.

Felix ndiye fundi wa ala. Mlangoni Mama Ghati amenishika mkono, akasema siku ile ningeweza kukimbia na sikukimbia. Nimeapa mbele yake: sitagusa tena nisichokijua.

Jumatatu, 10 Juni
Basi la Mama Ghati limeondoka saa mbili. Nimepunga mkono mpaka likapotea. Saa tatu mzee mmoja kutoka Kenyamonta ameuliza pale stendi nani anajua kutengeneza saa kubwa ya kanisa lao. Nimemwambia ailete. Saa ina mishale miwili tu.