Ndovu wa Ndoo Nyekundu na Msomaji wa Ruring'u

Jumatatu, 9 Februari

Nimechaguliwa! Si na kanisa, si na wananchi. Na Nyawira, miaka sita, binti ya dada yangu Anita. Ijumaa ni siku ya hadithi shuleni kwao hapa Ruring'u. Kila mtoto analeta mtu mzima mmoja wa kusomea darasa. Baba yake, Kingori, karani mwenye miwani, alikuwa ameshapiga shati pasi. Mtoto akamwambia pole, naenda na Anko. Raha tupu!

Nyawira ana jina la marehemu mama yangu. Kwa desturi yetu huyu ni mama yangu kabisa, na mimi humwita Maitu, yaani mama. Kwa hivyo mama amechagua mwanawe. Kingori amesema ati nikimwaibisha mtoto, muhula ujao msomaji ni yeye. Nikamjibu kwamba niliacha shule darasa la tano kwa sababu walimu walikuwa wamemaliza yote waliyokuwa nayo.

Jumanne, 10 Februari

Kitabu cha kusoma kimefika kutoka shuleni. Picha nzuri ajabu: ndovu, ndoo nyekundu, nyanya mmoja amejifunga kitambaa kichwani. Tatizo dogo. Kimeandikwa Kiingereza, tena kile cha ndani ndani.

Nikasoma picha. Wakati wa chai ya saa kumi nikamweleza Maitu vile ndovu huyu aliiba ndoo ya maziwa Mukurweini, nikamkimbiza kwa miguu mpaka Nanyuki, nikamkamata mkia. Alicheka mpaka chai ikamwagika. Halafu akauliza mbona mimi siko kwenye picha. Nikamwambia mchoraji alichelewa kufika.

Jumatano, 11 Februari

Mpango! Mama Neel, mwenye duka la vitabu mjini, anajua Kiingereza, Kiswahili, na Kikuyu cha kunishinda mimi. Nikamwomba anisomee kwa Kiswahili, ati miwani yangu imevunjika. Akasema, lakini Gatimu, wewe huna miwani. Nikamwambia si ndiyo maana.

Akasoma. Kumbe ndovu hakuiba chochote! Anamtekea nyanya maji kisimani kwa sababu nyanya anaumwa na miguu. Hadithi dhaifu sana. Lakini nikaandika yote kwa vikaratasi, na nyumbani nikavibandika, kimoja kila ukurasa, kwa gundi ya kwetu: uji mzito wa unga wa ngano. Sikuonea unga huruma. Nikafunga kitabu nikakikalia ili vishike vizuri. Hiyo ndiyo akili ya Gatimu!

Alhamisi, 12 Februari

Nimewatangazia watu wote kwa kinyozi kwamba kesho nasoma Kiingereza kwa Kiswahili bila kusimama. Mmoja akauliza kama watoto wataachiwa nafasi ya kupumua. Wivu.

Kitabu sijakifungua. Msomaji wa kweli hachokozi kitabu.

Ijumaa, 13 Februari

Darasa limejaa. Kingori amekaa nyuma, ati alikuwa anapita tu. Kupita na shati la pasi!

Ukurasa wa kwanza, safi. Wa pili, safi, ndovu anachukua ndoo. Wa tatu haufunguki! Uji umekauka. Kuanzia hapo mpaka mwisho kitabu kimekuwa ubao mmoja. Nikavuta. Kikalia kraa! Kingori akaanza kucheka kwa pua.

Jasho. Nikarudi kwa ndovu mwizi wa Mukurweini. Hadithi haikufika hata Nyeri mjini, njiani kwenda Nanyuki. Darasa zima likapiga kelele ati ndovu si mwizi, mwalimu huwasomea kitabu hicho kila wiki. Mmoja akaniita muongo. Mtu wa miaka sita, meno ya mbele hana!

Hapo Nyawira akasimama. Mikono kiunoni, kama marehemu kabisa. Akasema: Gatimu, keti chini.

Nikaketi. Nani atabishana na mama yake mbele ya watu? Kingori akacheka kwa sauti sasa. Maitu akamgeukia yeye: na wewe Kingori, nyamaza, mimi ni mama mkwe wako. Kingori akaanza kukagua viatu vyake.

Halafu Maitu akasimulia kurasa zote zilizoshikana, kwa kichwa, mpaka ndovu anafika na ndoo imejaa, nyanya anakunywa, anampa ndovu ndizi. Makofi! Mwalimu akatuambia ya kwamba tangu Januari hajawahi kusikia sauti ya mtoto huyu darasani. Macho yangu yakaingia vumbi. Shule hiyo wafagie.

Jumamosi, 14 Februari

Maitu ameamua. Muhula ujao anaenda na mimi tena, lakini mimi nishike kitabu tu, kusoma atasoma yeye. Kingori hata kushika hakupewa. Ushindi!

Kwa kinyozi nimewaeleza kwamba kurasa nilizibandika makusudi, ndiyo njia mpya ya kutoa mtoto sauti. Waliokuwa na povu kidevuni walisahau kunyolewa.

Ila kuna kosa moja nimeligundua. Picha! Mtoto akiona picha, anajua ukimdanganya. Basi mwalimu wa watoto kanisani anaumwa, nikajitolea kesho kumsomea darasa lake. Amenitumia kitabu. Kiingereza kitupu, kurasa mia mbili, picha hakuna hata moja.

Safi kabisa. Hapo nani atanishika?