Kibuyu Changu Ukweni Mikindani

Leo nimeumbuka. Tena ukweni, mbele ya mjomba mtu, na ukwe wenyewe bado sijapewa!

Naandika hapa kanzu ina majivu na moyo unadunda. Tulieni niwasimulie mwenyewe, maana kesho mtaisikia kwa watu wengine na hao wataongeza chumvi. (Haihitaji chumvi. Imeshakolea.)

Wanaonijua wanajua mimi ni mtu wa Singida, mwalimu wa jiografia hapa Mtwara mjini, na ndiye mlezi wa klabu ya mazingira shuleni. Wiki tatu zilizopita, paredi ya asubuhi, nilikuwa nawahubiria wanafunzi habari za plastiki baharini. Nilichangamka kwelikweli, narusha mikono huku na huku. Kumbe mkono mmoja umeshika chupa ya maji ya plastiki! Msichana wa mstari wa mbele akaitazama chupa, kisha akanitazama mimi. Hakucheka, na hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Nikapandwa na mzuka. Nikasema hapo hapo, kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani: "Kiongozi anaanza yeye! Kuanzia leo, mtu akinikuta nakunywa maji ya chupa ya plastiki, nitafagia uwanja wa shule peke yangu wiki nzima!"

Walipiga makofi mpaka mkuu wa shule akatoka ofisini kuangalia kuna nini. Jamani, makofi yanalevya.

Basi nikabadilika kweli. Bodaboda nikaacha, nikanunua baiskeli ya mtumba. Sabuni za paketi nikaacha, nikawa nafunga majivu ya jikoni kwenye karatasi iliyokwisha kazi, natembea nayo ya kunawia mikono. Na maji? Nilikwenda Naliendele kwa mama mmoja mkulima, nikanunua kibuyu. Kibuyu chenyewe, chenye tumbo na shingo, kizibo chake gunzi la muhindi. Mchumba wangu Mwanahawa ni fundi cherehani, akanishonea mfuko wa kukibebea kwa mabaki ya kitambaa chekundu. Wanafunzi wakaanza kuniita Mwalimu Kibuyu. Nikavimba kichwa. Nilijiona nimefika mahali.

Sasa leo Jumapili ndiyo ilikuwa siku ya kwenda kujitambulisha kwa kina Mwanahawa, Mikindani. Kwa wenzetu huku, mjomba wa binti ndiye mwenye neno. Wengine wote wanaweza kukupenda, lakini mjomba akitingisha kichwa tu, kafungashe virago. Mwanahawa nimempenda miaka miwili. Leo ilikuwa ni siku ya ndiyo au hapana.

Mshenga wangu ni Chilumba, mwalimu wa hisabati, mzaliwa wa Newala. Alinikuta nje nafunga mizigo kwenye baiskeli.

"Hicho kibuyu unakwenda nacho wapi?"

"Ukweni."

"Jumanne, kaka yangu, kiache. Huku mtu akiingia nyumba ya watu na kibuyu kilichovishwa kitambaa chekundu, ama ni mganga, ama anatoka kwa mganga."

Nikacheka. Nikamwambia, "Chilumba, msimamo wa kiongozi hauachwi mlangoni." (Hiyo sentensi niliiandaa tangu jana usiku. Niliipenda sana.)

Chilumba akanitazama kama mwanafunzi aliyegawanya kwa sifuri. Akapanda bajaji. Mimi nikapanda baiskeli, na kanzu yangu nyeupe, kibuyu begani, ndani yake maji ya mchaichai niliyoyachemsha mwenyewe yakaiva mpaka yakawa kijani. Njiani bajaji ilinipita, Chilumba ananipungia mkono kama waziri.

Karibu na kuingia Mikindani, mnyororo ukala kanzu. Kra! Pindo likachanika na kubaki linaning'inia. Mikono ikajaa grisi. Nikanawa kwa majivu na maji kidogo ya kibuyu, ikatakata kabisa, nikajisifu kimoyomoyo: mnaona, hakuna sabuni hapo! Majivu yaliyobaki nikayafunga tena, nikayatia kwenye mfuko mwekundu pamoja na kibuyu.

Nikafika. Chilumba alikuwa ananisubiri nje. Tukapiga hodi.

"Karibuni, karibuni ndani!"

Nikainua mguu wa kulia niingie kwa heshima. Pindo lililochanika likanasa kwenye kandambili za watu pale mlangoni, nikaruka mzima mzima. Sikuanguka, nashukuru. Lakini gunzi lilichomoka, na maji ya kijani yakamwagika kuanzia kizingitini mpaka katikati ya sebule. Mstari mmoja mnyoofu, ungedhani nimeupima kwa rula!

Mjomba alikuwa amekaa kwenye kochi lililoelekea mlango. Mzee mpana, mstaafu wa bandarini, kofia ya kiua kichwani. Akayatazama maji. Akakitazama kibuyu. Akanyanyua miguu yote miwili, akaiweka juu ya kochi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba." Miguu bado iko juu.

Mama mkubwa wa Mwanahawa ndiye aliyetuokoa. Akafuta maji (kwa mguu, na tambara, kwa mbali), akatukalisha, nami nikarudisha gunzi kuyaziba maji yaliyobaki. Halafu akaja na sinia. Juu yake glasi mpya iliyotolewa kabatini, na chupa ya maji ya dukani, baridi, inatoka jasho.

"Karibu maji, baba. Umetoka na jua."

Koo lilikuwa limekauka. Mkono ukaanza kwenda wenyewe. Hapo ndipo pazia la chumbani likasogea kidogo, nikaona jicho moja, na chini ya jicho daftari.

Nimesahau kuwaambia. Yule msichana wa mstari wa mbele anaitwa Zuhura, yuko kidato cha pili, na ndiye katibu wa klabu ya mazingira. Na ni mdogo wake Mwanahawa, tumbo moja.

Nikarudisha mkono. Nikatabasamu kiuongozi. Nikasema, na Mungu anisamehe:

"Ahsante sana mama, lakini maji yenu mimi situmii. Nimekuja na yangu."

Ndugu zangu, wote walitazamana. Juu ya meza feni inazunguka. Mimi nilikuwa nazungumzia plastiki! Wao walisikia mtu anayekwenda kuposa na anaogopa kulishwa sumu.

"Haya, baba," akasema mama mkubwa. Akaiondoa glasi kwa mikono miwili, polepole. Chilumba akafumba macho.

Nikaona nionyeshe haraka ninachomaanisha. Nikaingiza mkono kwenye mfuko mwekundu, nikavuta kibuyu kwa nguvu. Kikatoka na karatasi ya majivu. Karatasi ikafunguka ikiwa hewani, mbele ya feni.

Sitasahau. Majivu yalimwingia kila mtu. Yalikaa kwenye kofia ya mjomba, kwenye ushungi wa mama mkubwa, kwenye nyusi za Chilumba. Na ile karatasi ikapepea, ikatua kwenye mapaja ya mjomba.

Akaiokota kwa vidole viwili. Akanyoosha mkono mbali, akasoma kwa sauti.

"Saba, Fatuma Issa. Nane, Swalehe Musa. Tisa..." Akasogeza karatasi karibu. "Tisa, Hamisi Abdala."

Mjomba anaitwa Hamisi Abdala.

"Na nkasi nwekundu juu yake!"

Ilikuwa ni karatasi ya mahudhurio ya darasa langu. Mkasi ni ile alama ya X ya mtoro. Lakini nani angenisikiliza wakati huo?

"Chilumba!" Mjomba alisimama juu ya kochi. Juu ya kochi, mzee wa watu! "Umetuletea ntu wa namna gani hapa? Maji kamwaga nlangoni, unga karusha, jina langu kaja nalo limeandikwa! Kimebaki nini?"

"Mimi, mzee," akasema Chilumba, "ni mwalimu wa hisabati tu." (Mshenga huyo! Nimemnunulia na soda.)

Nikaona nijitetee. Kichwani nilikuwa na hotuba nzima, ikatoka sentensi moja: "Mjomba, haya yote nafanya kwa ajili ya vizazi vijavyo."

"Vizazi vyetu?" mama mkubwa akapiga yowe. "Unataka kuvifanya nini?"

Basi. Nikajua nimekwisha. Miaka miwili inaondoka, naiona inatoka mlangoni kwa kufuata ule mstari wa mchaichai.

Ndipo pazia likafunguka lote, akatoka Mwanahawa. Hakutakiwa kutoka mpaka aitwe. Alitoka.

"Mjomba, huo mfuko nimeushona mimi. Hauna mambo yoyote. Kitambaa ni kile kilichobaki kwenye gauni la mama mkubwa la harusi."

Mama mkubwa akausogelea mfuko. Akaushika. Akaugeuza ndani nje.

"Kumbe! Nawe uliniambia kitambaa hakikutosha, ndiyo maana mikono ikawa mifupi!"

Mwanahawa akaangalia chini. Mimi nikaangalia juu. Mafundi cherehani wote mnaosoma hapa, Mungu anawaona.

Zuhura naye akajitokeza na daftari lake, akaichukua karatasi. "Mjomba, huyu Hamisi Abdala ni wa darasani kwetu. Mtoro. Hajaja siku nne. Na Mwalimu hatumii plastiki, aliapa paredini, ndiyo maana ana kibuyu." Akaeleza yote, kwa mpangilio, kuliko ambavyo ningeeleza mimi. Nilijivunia kumfundisha, hata katika hali ile.

Mjomba akashuka kwenye kochi. Akajipangusa majivu. Bado alikuwa na shaka.

"Kama ni nchaichai, kunywa. Chote."

Nikakinywa chote, mpaka gunzi nikalilamba. Wote wakanikodolea macho, wakisubiri nianze kuota mkia. Sikuota.

"Haya. Sasa kunywa na yetu."

Mama mkubwa akaileta tena ile chupa. Nikamtazama Zuhura. Daftari limefunguliwa, kalamu iko tayari. Nikauona uwanja wa shule, ule mkubwa, na shule nzima madirishani. Halafu nikamtazama Mwanahawa, amesimama kando ya mama mkubwa, vidole amevikunja, hapumui.

Nikaifungua. Nikanywa yote bila kupumzika. Matamu jamani, baridi mpaka kwenye meno! Nikasikia kalamu inakwaruza.

Mama mkubwa akatabasamu kwa mara ya kwanza. Akaketi, akanipigapiga goti. "Sasa mwanangu, si ungesema tu kama hutaki ya chupa? Sisi wenyewe hatunywi hayo. Ona."

Akanyoosha kidole kwenye pembe ya sebule. Pale pale, hatua mbili kutoka nilipokaa, kulikuwa na mtungi wa udongo, umefunikwa kwa kawa, kata ya kifuu juu yake. Karibu yake kikapu cha ukili cha kwendea sokoni. Nyumba nzima ilikuwa haina hata mfuko mmoja wa nailoni! Bibi zao waliishi hivyo, na wao wanaishi hivyo, wala hakuna aliyewapigia makofi. Mimi niliyetoka mjini na kibuyu cha wiki tatu ndiye niliyekuwa nakwenda kuwafundisha. Ingenitosha kusema, "Naomba maji ya mtungi, mama." Maneno matano! Niliona aibu ya pili, na hii iliingia ndani zaidi ya ile ya majivu.

"Hiyo chupa," akaendelea mama mkubwa, "tumekununulia wewe mgeni. Zuhura ndiye kaifuata dukani asubuhi. Alisema mwalimu wake anayapenda hayo."

Nikageuka kumtafuta Zuhura. Alikuwa anasoma dari.

Tukala wali na samaki wa nazi, tukacheka kidogo, jibu hatukupewa. Mjomba alisema watakaa wenyewe kwanza. Wakati wa kuondoka akanisindikiza mpaka kwenye baiskeli, akaangalia nyuma kama kuna mtu, akaniinamia sikioni.

"Baba, mimi si ntu wa mambo hayo. Lakini kama kweli unayo dawa, hata ya ngongo tu..." Akajishika mgongoni.

"Mjomba, naapa ni mchaichai."

"Haya, haya," akasema, akanikonyeza.

Nimerudi nyumbani nimekaa na simu mkononi, siwezi kula, siwezi kulala, nasahihisha madaftari sioni herufi. Na sasa hivi, nikiwa katikati ya kuandika haya, imeingia meseji ya Mwanahawa:

"WAMEKUBALI!!! Mama mkubwa anasema ukija tena kibuyu uache. Mjomba anasema uje nacho."

Nimeruka mpaka nimepiga kichwa kwenye kizingiti! Naoa, jamani! Naoa!

Kwa hiyo kesho saa moja asubuhi, ukipita karibu na shule ukaona bwana harusi mtarajiwa anafagia uwanja peke yake, salimia upite, usicheke. Na usiulize habari ya ufagio: ni wa chelewa, hauna plastiki.